Mwanangu, chukua la petroli

Mwanangu,

Mwangaluka. Wazazi wako huku Magu hatujambo, mvua imeanza vizuri.

Ujumbe wako nimeusoma. Hela ya gari imetimia, dalali amewaonyesha magari mawili: dogo la petroli lenye injini ya cc 1,500, na lile refu kwenda juu lenye dizeli ya lita 2.2. Baba Neema anasita, na wewe moyo umekwenda kwenye dizeli kwa sababu, kama ulivyoandika, "Mama, Canter yako ya dagaa ilikuwa ya dizeli na haikukusumbua." Unataka nikuambie lipi. Nakuambia: chukua la petroli. Kwa maisha mnayoishi sasa pale Buswelu, Mwanza, sina shaka hata kidogo.

Nianze na hiyo Canter, maana ndiyo inayokuvuta. Injini yake ilikuwa 4D33 ya lita 4.2, pampu ya nozeli, vile vidude vinavyorusha mafuta ndani ya injini, ilikuwa chuma kitupu, haina kompyuta ya kuipangia. Ilitoka mwaloni Kirumba imeshiba magunia ya dagaa, ikaenda Shinyanga au Kahama bila kupoa. Ikianza kukohoa, fundi wa njiani aliifungua kwa spana, akasafisha chujio, akatoa hewa kwenye mipira, safari ikaendelea. Dizeli unayoonyeshwa leo inakunywa mafuta yale yale lakini ni mashine nyingine kabisa. Ndani yake mafuta husukumwa kwa presha ya bar 1,600 na zaidi, wakati tairi lako halijazwi hata bar 3. Yanapenya kwenye matundu yenye upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na kompyuta ndiyo inayoamua yafunguke lini na kwa muda gani. Uchafu ambao Canter ingeumeza na kuendelea, hapa unaua nozeli. Na nozeli hizi hazichongwi chini ya mwembe. Zinahitaji mashine ya kuzipima, na mara nyingi jibu la fundi ni kununua mpya.

Dalali hakudanganya aliposema dizeli inakula kidogo. Injini ya petroli inabana hewa pamoja na mafuta kiasi cha mara kumi hivi, kisha plagi inapiga cheche. Ya dizeli haina plagi ya cheche. Inabana hewa peke yake mara 14 hadi 20 na kuzidi, hewa inapata moto mkali, ndipo mafuta yanarushwa humo na kujiwakia yenyewe. Ndicho alichokitafuta Rudolf Diesel, yule Mjerumani aliyepewa hataza yake mwaka 1893: ukibana zaidi, tone lile lile linafanya kazi kubwa zaidi. Tena lita moja ya dizeli ina nguvu kuliko lita ya petroli kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Lakini mbano huo unataka chuma kinene na kizito. Wewe umekulia mwaloni, umeona: mashine ya kufunga nyuma ya mtumbwi ni ya petroli, kwa sababu jioni mtu anaibeba begani kuipeleka nyumbani. Lori linalosubiri mzigo juu ya mwalo ni la dizeli, kwa sababu kazi yake ni kuvuta uzito taratibu bila kuchoka.

Sasa tazama wiki yako. Asubuhi unatoka Buswelu, unamshusha Neema shuleni, unaingia mjini, unakaa kwenye foleni, unazima. Jioni unarudi. Jumamosi sokoni. Huku kwetu mnakuja mara moja kwa mwezi, na Sengerema kwa wakwe siku za sikukuu. Hapo ndipo dizeli ya kisasa inapoharibikia, na hilo dalali hakukwambia.

Kwenye ekzosi yake kuna chujio la kunasa masizi. Likianza kujaa, gari lenyewe huyachoma masizi hayo, lakini moto wa kuyachoma unatakiwa ufike karibu nyuzi 600. Ili ufike huko na ukae, gari linataka mwendo wa barabara kuu, dakika 20 au zaidi bila kusimamasimama. Safari zako haziliachii gari nafasi hiyo. Linaanza kuchoma, unafika, unazima. Kesho tena hivyo hivyo. Mafuta ya ziada yaliyorushwa ili kuongeza moto huo yanateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi, mpaka ukipima kijiti unakuta oili imeongezeka badala ya kupungua. Ukiona hivyo usifurahi, injini inasagika. Baadaye taa inawaka kwenye dashibodi, gari linakuwa zito, na mtu wa gereji anakushauri mlikate chujio mlitupe.

Hilo la kukata chujio silitaki kabisa kwenye familia yangu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Neema kifua chake unakijua. Na hata angekuwa mzima, kuna watoto wa wenzio wanaotembea kwa miguu pembeni ya barabara hiyo hiyo.

Mafuta yenyewe nayo yaangalie. Ilikuwepo miaka ya uchakachuaji, mafuta ya taa yanamiminwa kwenye dizeli, mpaka serikali ikaweka vinasaba, yaani alama ya kuyatambua mafuta halali, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya wachakachuaji ife. Hali ni nafuu sana siku hizi, na tangu 2015 dizeli inayouzwa nchi zetu za Afrika Mashariki inatakiwa isizidi kiberiti cha sehemu 50 kwa milioni. Ila Japani, magari haya yalikotumika kwanza, kiwango ni sehemu 10. Halafu kuna maji. Dizeli iliyokaa kwenye pipa au dumu huku ziwani na visiwani hupata maji, na maji kwenye nozeli za presha ile ni hasara ya siku moja.

Tupige hesabu, maana najua baba Neema ataitaka. Mmetajiwa tofauti ya shilingi milioni nne kati ya magari hayo mawili. Tuseme mtatembea kilomita 12,000 kwa mwaka, la petroli liende kilomita 12 kwa lita na la dizeli 15. Ni lita 1,000 dhidi ya 800. Weka lita kwa shilingi 3,000 kwa zote mbili ili tusichanganyikiwe. EWURA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei kila mwezi, na mara ya petroli iko juu, mara ya dizeli. Mmeokoa shilingi 600,000 kwa mwaka. Milioni nne zitarudi baada ya miaka sita na zaidi, na hapo hakuna nozeli hata moja iliyokufa. Kama mngekuwa watu wa kilomita 36,000 kwa mwaka, mngeokoa 1,800,000, na ningekuandikia barua nyingine.

Na mkija siku moja kuagiza wenyewe kutoka Japani, kumbukeni kwamba injini ikivuka cc 2,000 ushuru wa bidhaa unapanda. Dizeli nyingi za magari ya aina ile zimevuka.

Baba Neema akianza ile biashara ya kupeleka samaki Geita, hapo nitasema dizeli bila kusita. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kukaa foleni ya kivuko injini ikinguruma bure. Ni njia ndefu, mzigo mzito, injini inapata moto wake. Lakini hapo mtanunua pikapu ya kazi, yenye injini ambayo mafundi wa Mwanza wanaijua ndani nje, na haitakuwa gari la kumpelekea mtoto shule.

Hilo la petroli dalali anasema lina injini ya 1NZ, ile ya IST na Probox. Ikiwa kweli, mmebahatika: inatumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, spea zake zimejaa mjini, na hakuna gereji isiyoijua. Badilisheni oili kwa wakati, msiiache ikachemsha.

Jumamosi nendeni mapema, na mwambieni dalali asiliwashe kabla hamjafika. Mguse boneti, likiwa na joto, rudini siku nyingine. Likiwaka baridi, mmoja asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua, liacheni. Mvuke mweupe unaoisha baada ya dakika chache ni unyevu wa asubuhi tu. Usipoisha, tazameni maji ya rejeta kama yanapungua au yana mafuta juu. Namba ya injini isomwe kwenye injini yenyewe na ilingane na kadi. Mchukueni fundi wenu, asiwe fundi wa dalali, na hela ibaki benki mpaka yeye aseme neno.

Nipigie mkitoka hapo.

Mama yako