Kuhusu kaka yako aliyeandikishwa Uingereza

Dada wa Nkuhungu, umeuliza kama wakili wa hapa Dodoma anaweza kumtoa kaka yako kwenye daftari la wakosaji wa ngono Uingereza. Pole sana. Hawezi, amri imetoka kule, inapingwa kulekule.

Ila njia ipo. Aliyefungwa miezi 30 au zaidi huandikishwa maisha, lakini mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya huko ilisema kumweka mtu humo maisha bila nafasi ya kupitiwa upya kunakiuka haki yake ya faragha. Sasa England na Wales mtu mzima anaweza kuwaomba polisi wamtoe, miaka 15 tangu aripoti kwao mara ya kwanza (yaani awape taarifa zake, kama daftari linavyotaka) baada ya kutoka gerezani. Wakikataa, ana siku 21 tu za kukata rufaa mahakamani. Barua ikifika, aandike tarehe juu ya bahasha siku hiyohiyo na atafute wakili, asingoje wiki ipite.

Na tafadhali mwambie asiache kuripoti wakati anasubiri majibu. Kuacha ni kosa jipya la jinai. Polisi watapima kama kaka yako bado ni hatari, na wataangalia pia mtu aliyeumizwa naye.