Kwa nini wanaandika 2005 badala ya 205?

Swali: Habari, Mwalimu. Nafundisha darasa la tatu lenye wanafunzi 58. Tumekuwa tukicheza mchezo wa kadi za tarakimu: kila kundi linachota kadi tatu na kuunda namba kubwa kuliko zote. Wanaufurahia na karibu wote wanapatia. Lakini kwenye imla ya namba, nikisema "mia mbili na tano" wanaandika 2005. Nikiwapa 98, 102 na 120 wapange kuanzia ndogo, wengi wanaiweka 98 mwisho. Je, mchezo haufai, au mimi ndiye nauchezesha vibaya?

Jibu: Usiutupe, Mwalimu. Una mwanya tu, na watoto wameuona kabla yako. Aliyeshika 3, 8 na 5 kwa pamoja anashinda kwa kupanga tarakimu kutoka kubwa hadi ndogo, basi. Anapata 853 bila kulazimika kujua kwamba ile 8 ni mamia nane. Siku zote hizo amekuwa akijizoeza kanuni moja: kubwa hutangulia. Ukimpa 98 na 102 anaitumia hiyohiyo, anaona 9 iko mbele, anaipa 98 ushindi. Kwa hiyo kosa la kupanga, kwa sehemu, mchezo wenyewe umelilea.

Uzibe mwanya hivi. Kila mtoto achore kwenye daftari visanduku vitatu, vya mamia, makumi na mamoja, na cha nne pembeni cha kutupia. Wewe una kadi kumi, 0 hadi 9. Chota moja, itaje, usiirudishe. Kila mtoto anaiandika palepale, na kufuta ni marufuku. Ikitoka 6 mwanzoni, aipe nafasi ya mamia au aisubiri 9 ambayo huenda isije? Hapo ndipo anapoanza kufikiria nafasi ina thamani gani. Halafu badilisha lengo: leo namba ndogo kuliko zote, kesho iliyo karibu zaidi na 500. Hili la 500 nalipenda kuliko yote, maana zikitoka 4, 5, 9 na 1, mwenye 514 hushangaa akishindwa na mwenye 495. Na siku mtoto akiweka 0 kwenye mamia usimkatalie. Waache wabishane wenyewe kama 047 ni namba ya tarakimu tatu.

2005 ni tatizo jingine, na mchezo ule hauligusi. Mtoto anaandika anachosikia: mia mbili, 200, na tano, 5. Halafu Kiswahili chenyewe kina mtego: "mia mbili" na "mia na mbili" zinatofautiana kwa silabi moja, kumbe ya kwanza ni 200 na ya pili 102. Majina ya makumi nayo hayamsaidii sana. "Kumi na tatu" inajieleza, lakini "ishirini" haimwambii kwamba ni makumi mawili, wala "arobaini" kwamba ni makumi manne. Ndiyo maana huwa nalitaka darasa litaje kila namba mara mbili: arobaini na sita, makumi manne na mamoja sita. Kwa siku chache inachosha, lakini inafaa.

Dawa ya 2005 ni kadi za kufunikana. Kata karatasi ngumu: kadi za mamoja ziwe na upana wa tarakimu moja, za makumi mbili, za mamia tatu. Weka 200 chini na 5 juu yake, kingo za kulia zikilingana. 5 inafunika sifuri ya mwisho, kinachosomeka ni 205. Ukiiinua, sifuri ipo palepale. Aliyeandika 2005 mpe kadi hizo mbili, kisha unyamaze. Maria Montessori, daktari na mwanaelimu wa Italia, alitumia kadi za namna hii, mamoja yakiwa kijani, makumi bluu na mamia nyekundu. Rangi si lazima, ila huharakisha kuokota. Zigeuze kuwa mashindano: unataja "mia na mbili", makundi yanaunda na kuinua, kisha papo hapo "mia mbili", kisha "mia mbili na ishirini".

Ambaye hata hapo haoni kitu, mrudishe kwenye vijiti bila aibu. Watoto wawili au watatu, dadu mbili, na sheria moja tu: vijiti kumi visivyofungwa havikai mezani, lazima vifungwe kwa uzi. Wa kwanza kufikisha mafungu kumi anayaunganisha kuwa mia na ameshinda. Dadu mbili huleta 7 kwa wastani, kwa hiyo mchezo humalizika kwa mirusho kama 15 kwa kila mtoto. Kisha uchezwe kinyumenyume, kutoka mia hadi sifuri. Akirusha 7 mwanzoni hana hata kijiti kimoja cha kutoa. Lazima afungue mia, kisha afungue fungu la kumi. Atakapofika kwenye kutoa kwa kukopa, hatakuwa mgeni.

Kwa kupanga namba, funga kamba ukutani, 0 upande mmoja na 100 upande mwingine, na watoto wabanie kadi moja baada ya nyingine. Usizigawe zote kwa pamoja: anayebania 48 kabla ya nyingine kufika analazimika kukadiria. Kisha ondoa 100 uweke 1000, uwaulize 48 ihamie wapi. Ila usiwakaririshe kwamba "yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa". Itakuvusha kwenye mtihani wa muhula huu, halafu iwaangushe kwenye desimali, watakapokutana na 0.125 na 0.5.

Wiki ijayo anza na imla ya namba tano tu: 102, 200, 205, 250, 120. Anayeongeza sifuri, akaandika 2005 au 1002, mpe kadi za kufunikana. Anayechanganya 102 na 200 shida yake iko sikioni. Mtamkie taratibu, naye arudie kabla ya kuandika. Anayekosa karibu zote kwa namna nyingine aanzie kwenye vijiti.