Ukirudi jukwaani na chuma mguuni

Juzi mwenzangu mmoja tuliyesoma naye sanaa Bagamoyo alinipigia simu analia. Kavunjika paja, ajali ya bodaboda, yuko kwao Tabata na magongo. Kinachomliza si maumivu. Kundi lake lina onyesho baada ya miezi mitatu na ameshawaambia atakuwepo. Nikamwambia, "Dada yangu, wapigie tena sasa hivi, waambie hutakuwepo." Tulipokata simu nikaona niandike, maana najua si yeye peke yake aliyelala kitandani anahesabu siku.

Mimi nilivunjika ugoko wa kulia, mifupa yote miwili, barabara ya Shekilango hapa Dar, nikiwahi mazoezi ya igizo. Mvua ilikuwa imekatika muda huohuo na mchanga umetapakaa barabarani. Kwa kuwa mfupa ulitoboa ngozi, nilifungwa kwanza antena, vile vyuma vinavyoshika mfupa kwa nje, mpaka kidonda kitulie, ndipo nikawekewa chuma ndani. Mfupa huo kwa mtu mzima huchukua kama miezi minne hadi sita kuunga, na ukiwa na kidonda huweza kwenda mbali zaidi. Ihesabu hiyo miezi kabla hujamwahidi mtu yeyote.

Sikuihesabu. Mwezi wa tano baada ya ajali nilipokea kazi ya siku moja, igizo la uhamasishaji kwenye shule, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Lilikuwa na ngoma ya dakika kumi na nikaicheza yote. Usiku kifundo kilivimba mpaka ngozi ikawa inang'aa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nikarudi kwenye magongo wiki tatu. Kwa hiyo nakuomba: ukibanwa na pesa, tafuta kazi ya kukaa. Dar ipo. Kuna michezo ya redio, kuna matangazo, na siku hizi kuna kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki. Hapo mguu unaupandisha juu ya stuli na hakuna anayeuona.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni sauti. Nilidhani nimeumia mguu tu. Kumbe miezi ya kulala chali inalegeza tumbo na pumzi inakuwa fupi. Nilipoanza kusimama, uzito wote niliutupa mguu wa kushoto, nyonga ikapanda, mbavu za upande mmoja zikabanwa. Mstari ambao zamani niliusema kwa pumzi moja, sasa nilikuwa napumua katikati ya neno. Niliogopa kuliko siku ya ajali.

Usisubiri usimame ndipo uanze kuishughulikia. Kaa kwenye kiti kigumu, nyayo zote zikanyage chini kama umeruhusiwa. Kama bado, mguu uweke juu ya mto. Shika mbavu kwa viganja. Vuta hewa mpaka mbavu zisukume viganja, kisha itoe polepole kwa "sss" huku ukihesabu vidole. Siku ya kwanza niliishia tisa. Baada ya wiki sita nilifika 25. Na kama bado unameza dawa kali za maumivu, usijipime kwa kukariri mistari mirefu. Zinaleta usingizi na akili inakuwa nzito. Mimi nililia nikidhani kumbukumbu imekufa, na dawa zilipoisha mistari ikarudi.

Mazoezi ya viungo hospitalini usiyakose hata siku ambayo daladala zimejaa. Na mwambie anayekufanyisha kwamba wewe ni mwigizaji. Sikusema, nikakaa miezi miwili nikifanyishwa mazoezi ya mtu anayerudi ofisini. Nilipomwambia, yule dada aliacha kuandika, akanitazama. "Jukwaa lenu lina ngazi ngapi? Unapiga magoti? Unacheza pekupeku?" Kuanzia siku hiyo alinitoa kwenye korido akanipeleka kwenye ngazi. Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, unatangulia ule mbovu. Mkongojo unashikwa mkono wa upande wa mguu mzima, siyo upande ulioumia kama wengi tunavyofanya. Nilirudia mpaka nikawa nafanya huku nikisema mistari, kwa sababu jukwaani hutapata nafasi ya kufikiria mguu upi.

Mwongozaji naye aambiwe ukweli wote kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi. Wangu ni mtu mzima, tunamwita mwalimu. Nilimwambia: "Shikamoo mwalimu. Jukwaa lote naweza kutembea. Kupiga goti la kulia siwezi, kuruka siwezi, na kila baada ya dakika ishirini nahitaji kukaa kidogo." Alinyamaza, akachukua penseli, akaanza kufuta kwenye kitabu chake. Mama niliyemwigiza akapewa kigoda na ungo wa mchele, mabishano yake yote akayafanya huku anachagua mawe. Ikawa sehemu ambayo watu waliikumbuka. Mwigizaji maarufu Sarah Bernhardt wa Ufaransa alikatwa mguu, wa kulia kama wangu, mwaka 1915 akiwa na miaka 70, na aliendelea kuigiza akiwa ameketi. Nililishika hilo sana miezi ile.

Hofu ndiyo ilichelewa kuliko mfupa. Haikunijia mbele ya watazamaji, ilinijia taa zikizimwa kati ya sehemu moja ya mchezo na inayofuata, sekunde chache ambazo unatakiwa ushuke gizani. Omba kingo za ngazi zibandikwe utepe mweupe. Omba gauni la maleba, lile la kuigizia, lipunguzwe liishie juu ya kifundo. Fika ukumbini mapema, ulitembee jukwaa taa zikiwaka, kisha muombe fundi azizime ulitembee tena.

Mimi niliyafanya yote hayo, na usiku wa kwanza bado nilisimama kwenye ngazi ya juu nikashindwa kunyanyua mguu. Mwenzangu niliyekuwa natoka naye hakusema neno. Alinishika kiwiko gizani, akasubiri. Nikashusha wa kulia, kisha wa kushoto.