Miwani ya uhalisia mseto itasaidia kufundisha kulehemu kwa mbali?

SWALI: Habari mhariri. Nafundisha ufundi wa elektroniki na sasa hivi wanafunzi wangu wengi wako mbali, tunatumia simu ya video ila kwenye kulehemu tunakwama kabisa, mtu ananionyesha bodi ikiwa imeshaungua. Nasikia kuna miwani inayoweka picha za kompyuta juu ya vitu halisi. Itanisaidia kweli au ni mbwembwe tu?

JIBU: Mwalimu, itakusaidia, hasa kwa kuwa utaona anachokiona mwanafunzi. Kulehemu kunaharibika ndani ya sekunde chache tu, pale anapoyeyusha lehemu kwenye ncha ya kifaa cha kulehemu halafu anaidondoshea kwenye bodi, badala ya kupasha kwanza bodi na mguu wa kipuri kwa pamoja ndo alete lehemu. Kwa simu unaletewa matokeo. Kwa miwani unaliona kosa likitokea, unamchorea mshale pa kugusa na mshale unabaki palepale hata akigeuza kichwa, maana kamera zinafuatilia mazingira muda wote. Mwaka 2020 hospitali za Imperial kule London zilitumia HoloLens, miwani ya aina hii ya Microsoft, hivyohivyo wodi za Covid, daktari mmoja anaingia kaivaa na wenzake wako chumba kingine wanaona anachoona.

Ila mguso haupiti kwenye miwani, kwahiyo usikubali zile programu za kulehemu hewani kwa mikono mitupu eti ndo mazoezi. Kifaa kiwe halisi na bodi iwe halisi, tena mbovu za kutosha za kuchezea.

Halafu angalia aina, hapa wengi hawaulizi kabisa. HoloLens ina kioo unachoona kupitia, chaji ikiisha bado unaona mkono wako. Meta Quest 3 inafunika macho na kukuonyesha chumba kwa kamera, ikizima ghafla mtu anabaki gizani kashika chuma cha moto, na vipuri vidogo navyo havionekani vizuri. Kwa kazi ya moto mimi nachagua kioo, sina mjadala.

Shida ni kwamba Microsoft walisimamisha kutengeneza HoloLens 2 mwaka 2024, kwahiyo masomo yako yarekodi kwa video ya kawaida inayofunguka popote, usiyafungie kwenye kifaa kimoja. Na usinunulie darasa zima. Tafuta moja, avae anayekwama zaidi, wengine wafuatilie kwenye simu zao wakati unamwelekeza.