Hiyo mistari kwenye picha ya mwezi usiifute

Ndugu yangu, umeuliza kama umpe fundi wa studio aifute mistari kwenye picha ya mwezi uliyoachiwa na mjomba, ile iliyoandikwa nyuma "Lunar Orbiter, 1967". Nakusihi, usimpe. Hiyo mistari si uchafu. Ndiyo alama ya jinsi picha ilivyofika duniani.

Mwaka 1966 na 1967 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilirusha vyombo vitano vya Lunar Orbiter, visivyo na mtu ndani, kutafuta mahali salama pa kutua wanaanga wa Apollo, mpango wake wa kupeleka watu mwezini. Kila kimoja kilibeba filamu halisi ya milimita 70 na kuisafisha kwa dawa hukohuko angani. Kisha mwale mwembamba wa mwanga uliipitia utepe kwa utepe, na picha ikatumwa kwa mawimbi ya redio. Huku chini tepe zikapangwa upya ubavu kwa ubavu, na maungio yake ndiyo hayo unayoyaona. Isogeze karibu na dirisha, uiangalie kwa kioo cha kukuzia: utaona utepe mmoja umekolea kidogo kuliko jirani yake. Mimi hapo ndipo huwa nasisimka.

Ishike pembeni kwa mikono mikavu, usiitie plastiki ya moto, na uiweke mbali na jua na unyevu. Ukitaka nakala safi ya kutundika ukutani, Lunar and Planetary Institute, taasisi ya utafiti wa mwezi na sayari ya Houston, Marekani, imeziweka picha hizo mtandaoni, mistari ikiwa imepunguzwa kwa kompyuta. Chapisha hiyo, ya mjomba ibaki ilivyo.