Maswali ya Wasomaji: Mtaji Mdogo na Biashara ya Mtandaoni

SWALI: Ndugu Mhariri, ninashona mikoba ya kitambaa kigumu, na kwa muda sasa majirani na wafanyakazi wenzangu wamekuwa wakinunua kwangu. Ningependa kuuza mtandaoni, lakini akiba yangu ni ndogo, na fundi wa tovuti niliyezungumza naye ametaja malipo yatakayomeza zaidi ya nusu yake. Je, nimlipe ili nianze na duka kamili? – Mshonaji

JIBU: Ndugu Mshonaji, usimlipe, walau kwa sasa. Tovuti humpokea mteja ambaye tayari anakutafuta. Haitoki kwenda kumtafuta. Wageni wa mwanzo utawaleta wewe mwenyewe kwa kuwatumia watu kiungo, na kiungo hicho kinaweza kuwapeleka kwenye katalogi ya bure kama vile ambavyo kingewapeleka kwenye duka lililogharimu nusu ya akiba yako. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, hupakuliwa bure, na tangu mwaka 2019 ina sehemu ya katalogi ambamo unaweza kupanga bidhaa pamoja na picha, bei na maelezo yake. Kwa mtu mwenye aina 8 au 10 za mikoba, hiyo inatosha.

Fedha yako ya kwanza ina kazi moja tu, nayo ni kukuonyesha kama mtu asiyekufahamu, ambaye hawezi kuushika mkoba wala kuijaribu zipu yake, atakubali kuulipia. Majirani zako hawawezi kukujibia hilo, kwa kuwa wao wanakujua na wanajua pa kukupata mshono ukifumuka. Mwaka 1999, huko Marekani, Nick Swinmurn alikuwa na shaka ya namna hiyo kuhusu viatu: je, kuna mtu atakayenunua kiatu bila kukivaa kwanza? Hakujaza ghala. Alikwenda kwenye duka la viatu, akaomba ruhusa ya kupiga picha, akaziweka mtandaoni, na kila alipopata oda alirudi dukani, akanunua jozi hiyo kwa bei ile ile ya mteja mwingine yeyote na kuituma. Hapakuwa na faida katika mauzo hayo, na wala hakuwa anaitafuta wakati huo. Alikuwa ananunua jibu. Biashara iliyotokana na jaribio hilo ni Zappos, ambayo Amazon iliinunua mwaka 2009.

Kwa upande wako, jaribio lenyewe ni mikoba michache na picha nzuri, na hapo kwenye picha ndipo ningekushauri utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa laini, kwa maana alama za vidole ndizo zinazoifanya picha ionekane kama imepigwa kwenye ukungu. Weka mkoba karibu na dirisha mchana, pasipofikiwa na jua moja kwa moja, na uzime taa, kwa sababu mwanga wa taa ukichanganyika na wa mchana huigeuza rangi, na mteja aliyeagiza kijivu akipokea kitu cha rangi ya udongo atakurudishia. Piga picha ya mbele, ya ndani, ya mshono wa mkanda kwa karibu, na nyingine ukiwa umeegemeza karatasi ya A4 kando ya mkoba. Karatasi hiyo ina milimita 210 kwa 297 popote duniani, hivyo mtazamaji ataujua ukubwa wa mkoba kabla hata hajasoma vipimo ulivyoandika. Vipimo viandike hata hivyo, pamoja na kasoro iwapo ipo.

Kitu kimoja ambacho ningekuruhusu ukinunue mapema ni jina la kikoa, yaani ile anwani ambayo watu wataiandika wakikutafuta, kwa kuwa gharama yake ni ndogo na anayewahi ndiye anayelipata. Lisajili kwa jina lako na kwa barua pepe yako, na usome ada ya mwaka wa pili kabla ya kufurahia punguzo la mwaka wa kwanza, maana mara nyingi hizo mbili hazifanani. Mimi niliwahi kuamka asubuhi nikakuta ukurasa wangu umezimika kwa kuwa ada ilikuwa haijalipwa, na ilani zote zilikuwa zimekwenda kwa fundi ambaye alikuwa amekwisha badilisha anwani. Vivyo hivyo, wafuasi ulio nao kwenye mitandao ya kijamii wako kwenye nyumba ya kupanga. Akaunti ikifungwa au ikidukuliwa, wanakwenda nayo. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo, yaani akaunti idai namba ya pili ya siri mbali na nywila yako, na uwe na daftari lako la mawasiliano ya wateja waliokubali uwaandikie.

SWALI: Nauza mtandaoni kwa bei ya chini kuliko wenzangu, nalipia matangazo, na oda zinakuja. Mbona mwisho wa mwezi sioni faida? – Muuzaji aliyechoka

JIBU: Hukutaja hesabu zako, kwa hiyo nitatumia za mfano. Tuseme bei ya bidhaa moja ni 100 ya sarafu yoyote. Umeinunua kwa 45, ufungashaji ni 6, ada ya muamala ni 3, na usafirishaji, ambao umeutangaza kuwa ni wa bure, ni 12. Jumla ni 66, na unaona umebakiwa na 34. Sasa ongeza tangazo: umelipa 300 na limekuletea wanunuzi 10, kwa hiyo kila mmoja amekugharimu 30. Kilichobaki ni 4 kwa kila bidhaa, yaani 40 kwa oda zote 10, na hapo hujajilipa hata saa moja ya kazi yako.

Kisha mnunuzi mmoja kati ya hao 10 anarudisha mzigo. Unamrejeshea 100 yake, unalipia 12 nyingine ya kuurudisha, na unabaki na bidhaa ya thamani ya 45. Umepoteza 67, na ile faida ya 40 imegeuka hasara ya 27. Wengi wanaoniandikia kwamba biashara ya mtandaoni ni ulaghai wamekwama hapa hapa, na kwa kweli hakuna aliyewalaghai.

Kupandisha bei hadi 115 kungekusaidia kuliko kutafuta oda 20 za hasara, ingawa najua wazo hilo linaogopesha. Vinginevyo, mtoze mteja usafirishaji waziwazi, na usitishe tangazo kwa wiki mbili huku ukiwaandikia wale waliokwisha nunua, maana mteja anayerudi hakugharimu ile 30 mara ya pili. Ingiza kila malipo katika jedwali siku ile ile, hata ya gundi ya karatasi.

SWALI: Mteja alinitumia picha ya ujumbe unaoonyesha kwamba amelipa, nikatuma mzigo, lakini fedha haikuingia. Nifanye nini? – Aliyeumia

JIBU: Pole sana. Hifadhi mazungumzo yote, namba iliyotumika na anwani uliyopeleka mzigo, kisha uripoti kwa mtoa huduma ya malipo na polisi, ingawa sitakupa tumaini kubwa la kuupata mzigo huo. Picha ya aina hiyo hutengenezwa kwa dakika chache. Kuanzia sasa, fungua akaunti yako mwenyewe na uone salio limeongezeka kabla kifurushi hakijatoka mkononi mwako, na mteja akikuharakisha kwa madai kwamba msafirishaji amekwisha fika mlangoni, mwache msafirishaji asubiri.