Straika amebakiza miezi 10 na hataki kusaini, tumuuze au tubaki naye?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Mimi ni katibu wa klabu ya ligi kuu, tuna straika ana miaka 26, mkataba umebaki miezi 10 tu. Msimu uliopita alifunga mabao 14 tukamaliza nafasi ya tatu. Tumempelekea mkataba mpya mara mbili hajasaini, wakala wake kila siku "tutaongea". Sasa kuna klabu ya nje imeleta ofa nzuri tu na dirisha la usajili linafungwa baada ya wiki 3. Kocha anasema huyu akiuzwa na yeye anafungasha, mwenyekiti anasema bora hela ya leo kuliko mtu aondoke bure mwakani. Kitaalamu tufanyeje?

JIBU: Mkuu kwanza pole, umekaa katikati ya kocha na mwenyekiti na ubaya ni kwamba wote wawili wana hoja. Kazi yangu ni mikataba na usajili, vikao vya namna hii nimekaa vingi sana, na mara nyingi kinachoviharibu ni hilo neno moja tu, "bure". Mtu akishasema ataondoka bure basi kila mjumbe anaanza kujiona anaibiwa na hapo hesabu zinakufa, yanabaki maumivu.

Haondoki bure. Nyie mlinunua miaka kadhaa ya huduma yake na mmeitumia. Hata kwenye vitabu ndo hivyo, tuseme mlimnunua kwa 40 (ya pesa yoyote mnayotumia) kwa mkataba wa miaka 5, mhasibu wenu kila mwaka anapunguza 8, kwahiyo siku mkataba unaisha thamani yake vitabuni ni sifuri na hakuna hasara yoyote inayoandikwa. Kilichopo ni faida ambayo mngeipata na hamjaipata, hiyo ni kitu kingine kabisa, na inaweza kuwa kubwa kweli, ila msiichanganye na hasara maana mkichanganya mtauza kwa hofu.

Swali ambalo mimi huwa naliweka mezani ni hili. Tuseme ofa ni 100. Mkiikataa leo maana yake mmemkodi mchezaji wenu wenyewe kwa 100, kwa miezi 10, na mshahara juu. Je angekuwa wa klabu nyingine mngemkodi kwa bei hiyo? Kuna kikao niliuliza hivi, mjumbe mmoja aliyekuwa anapiga meza "haondoki mtu hapa" akanyamaza, akachukua simu akaanza kuhesabu mechi zilizobaki. Hapo ndo kikao kilianza.

Sasa tupige hesabu kwa mfano, namba ni za kubuni, nyie wekeni zenu. Kumaliza nafasi ya kucheza mashindano ya bara kunawaletea 300, zawadi na viingilio na wadhamini vyote humo. Mkiwa na straika huyu nafasi yenu ya kufika huko ni asilimia 55, mkiwa na mbadala ni 40. Tofauti ni asilimia 15, na asilimia 15 ya 300 ni 45, hiyo ndo thamani ya kumbakiza kwa upande wa uwanjani. Alafu kuna uwezekano wa kusaini, tuseme asilimia 20, akisaini mnabaki na mali ya 100, kwahiyo ongeza 20. Ila kuna asilimia 80 ya kwamba mwakani mtanunua mbadala wa 60, hiyo ni 48 ya kutoa. Jumla kubaki naye kunawapa 17. Kumuuza ni 100 toa 60 ya mbadala, mnabaki na 40. Mishahara nimeiacha nje, nachukulia inalingana. Kwa namba hizo unauza, na ili mizani ikae sawa ile tofauti ya 15 ingebidi ifike kama 23, yani straika mmoja abadilishe msimu mzima kwa karibu robo. Wapo wachezaji wa hivyo, ila ni wachache kuliko makocha wanavyodhani.

Lakini angalia ni namba gani inabeba hesabu yote hiyo: mbadala. Nimeandika 60 kana kwamba yupo dukani kwenye shelfu. Mna wiki 3. Kama mbadala hayupo, au yupo ila klabu yake inajua mna 100 mfukoni na dirisha linafungwa, hiyo 60 inakuwa 90 na ile asilimia 40 inashuka hadi 30, na hesabu inageuka kichwa chini miguu juu. Arsenal mwaka 2017 walikuwa tayari kumwachia Alexis Sánchez aende Manchester City kwa dau lililoripotiwa kuwa pauni milioni 60, mkataba wake ulikuwa umebaki mwaka mmoja, siku ya mwisho ya dirisha wakashindwa kumpata Thomas Lemar wa Monaco na dili ikafa. Januari 2018 wakambadilisha na Henrikh Mkhitaryan wa Manchester United, hela ya ada hawakuiona, na msimu wakamaliza wa sita. Watu wanasema walikosea kumbakiza, mimi nasema walikosea kuanza kutafuta mbadala dakika za majeruhi.

Upande wa pili kuna Dortmund ya Ujerumani na straika wao Lewandowski. Kiangazi cha 2013 kila mtu anajua jamaa anaenda kwa wapinzani wao Bayern, mkataba umebaki mwaka mmoja, na tayari mwenzake Götze alishachukuliwa na Bayern haohao. Dortmund wakasema huyu habanduki, tunakula mwaka wetu. Januari 2014 akasaini mkataba wa awali na Bayern, kila mtu akaona kwenye habari, na bado akamaliza mfungaji bora wa Bundesliga kwa mabao 20, timu ikashika nafasi ya pili na ikafika fainali ya kombe la Ujerumani. Hawakupata hata senti ya uhamisho ila hawakuwa wajinga, walikodi mchezaji wao kwa bei wanayoijua.

Mfano ninaoupenda zaidi ni AC Milan ya Italia. Kipa wao Donnarumma hakukubaliana nao, 2021 akaondoka mkataba umeisha, lakini Milan walishamchukua kipa Maignan kutoka Lille hata kabla wino haujakauka, wakakataa kuvunja ngazi yao ya mishahara kwa ajili ya mtu mmoja. Msimu uliofuata ikawa zamu ya kiungo Kessié, naye mkataba unaisha, wakambakiza na kumchezesha, na siku ya mwisho kule kwa Sassuolo waliposhinda 3-0 na kuchukua ubingwa bao la tatu alifunga yeye, alafu akaenda zake Barcelona bure. Klabu moja imepoteza wachezaji wakubwa bila ada na katikati yake imechukua ubingwa ambao haikuuona tangu 2011, kwahiyo mwenyekiti wako akisema kuondoka bure ni aibu mwambie aangalie hapo.

Haya, turudi kwenye kanuni maana hapa ndo nyie makatibu mnaponzwa. Kanuni za FIFA kifungu cha 18 zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine mkataba ukibaki miezi 6 au pungufu, na klabu inayomtaka inatakiwa iwataarifu nyie kwa maandishi kabla ya kuanza mazungumzo naye. Wewe una miezi 10, maana yake una miezi 4 ya kuwa na nguvu mezani, baada ya hapo wakala hatopokea hata simu. "Tutaongea" yake siyo uvivu, anavuta muda makusudi, kwa sababu ile hela ambayo klabu mpya haitawalipa nyie ndo inageuka ada ya kusaini ya mteja wake na kamisheni yake yeye. Mimi ningekuwa wakala wake ningefanya hivyohivyo.

Kwahiyo ile asilimia 20 ya kusaini niliyoweka hapo juu, kwa mtu aliyekataa mara mbili na ana miaka 26 akiwa kwenye kilele chake, nimewapendelea.

Kitu ambacho nakuomba sana msifanye ni kumkomoa. Najua itatokea mjumbe atasema basi apelekwe timu ya vijana, afanye mazoezi peke yake mpaka asaini. Kanuni zilezile za FIFA kifungu cha 14 zinasema mwenendo wa kumnyanyasa mtu ili avunje mkataba au akubali masharti mapya unampa sababu halali ya kuuvunja, na mkimcheleweshea mishahara ya miezi 2 anawaandikia notisi ya siku 15, mkishindwa kulipa anaondoka na bado mnadaiwa. Kuna na kile kipengele cha mchezaji mzoefu aliyecheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za msimu, naye ana mlango wake. Yani mnambania mtu ili asiondoke bure, anaondoka bure mapema zaidi na fidia juu. Mkiamua abaki, acheze, apige na penati kama alikuwa anapiga, mashabiki watazomea wiki mbili kisha akifunga watasahau.

Hofu ya kwamba atacheza kwa kujihifadhi, hiyo ipo ila inakuzwa. Mchezaji anayetafuta mkataba wake mkubwa wa mwisho anahitaji mabao kuliko nyie. Kipindi cha hatari kwa uzoefu wangu ni baada ya kuwa ameshasaini kwingine, ile miezi ya mwisho, mipira ya hamsini kwa hamsini anaanza kuingiza mguu nusu. Na angalia tarehe ya mwisho wa mkataba dhidi ya ratiba ya ligi, siyo kwa kukadiria, fungua faili. Mwaka 2020 ligi ziliposogea kwa sababu ya korona, Ryan Fraser wa Bournemouth mkataba ulikuwa unaisha tarehe 30 Juni akakataa kuongeza hizo wiki chache, mechi za mwisho wakacheza bila yeye na wakashuka daraja kwa tofauti ya pointi moja. Siwezi kusema wangebaki angekuwepo, ila pointi moja mkuu.

Kuna njia za katikati ambazo kwenye swali lako sijaziona na nashangaa hakuna aliyezitaja. Mojawapo ni kumuuza sasa kwa makubaliano abaki kwenu kwa mkopo mpaka mwisho wa msimu, mnunuzi anashusha bei kidogo, tuseme 80 badala ya 100, kocha anabaki na straika na mwenyekiti anapata hela, wote mnalala usingizi. Hii inawezekana kama mnunuzi hana haraka naye, muulizeni tu, kuuliza hakuna gharama. Nyingine ni kuongeza mwaka mmoja wenye kipengele cha kuachiwa kwa bei iliyoandikwa kabisa, yani unamwambia wakala mteja wako ataondoka mwakani kwa 70, hatumzuii, ila tusitoke mikono mitupu. Wachezaji wengi wanaokataa mkataba mpya hawaichukii klabu, wanaogopa kufungiwa mlango, ukiwaonyesha mlango upo na una bei wanasaini. Na mkiuza moja kwa moja dai asilimia ya mauzo yake yajayo, hata 10.

Kuhusu kocha kutishia kuondoka, mimi hilo silipi uzito sana. Kocha anataka pointi. Mpelekee majina mawili ya mbadala yaliyopikwa vizuri, video na taarifa za majeraha, umwambie chagua, utaona sauti inavyoshuka. Ukimwendea na "tunamuuza" bila jina lolote, hapo ana haki ya kukasirika.

Sasa unataka niseme moja. Kwa ulivyoelezea mimi ningeuza, lakini kwa sharti kwamba saini ya mbadala inapatikana kabla ya muhuri wenu kwenye karatasi ya kumwachia huyu, au angalau siku hiyohiyo. Jipeni siku 12 kati ya hizo 21. Siku ya 12 ikifika mbadala hajapatikana na mnunuzi amekataa wazo la mkopo, funga faili, mwambie mnunuzi asante, mwambie mchezaji unabaki na tunakuhesabu, na kuanzia kesho yake skauti wenu aanze kutafuta wa mwakani wakati bado hamna presha. Kusitasita mpaka saa nne usiku ya siku ya mwisho alafu mkauza kwa 85 bila mtu wa kuziba pengo, hilo ndo kosa ambalo sitawasaidia kulitetea.

Na kitu kimoja cha haraka. Hukusema kama mkataba wake una kipengele cha klabu kuongeza mwaka mmoja. Mikataba mingi inacho na watu wanakisahau. Kuna klabu niliyowahi kuifanyia kazi ilikuwa nacho kabisa, kilitaka notisi ya maandishi kabla ya tarehe fulani, katibu akaikumbuka siku tisa baada ya tarehe kupita, akatuma ujumbe wa WhatsApp kwa wakala akidhani inatosha, wakala akamjibu kwa emoji ya mkono wa kwaheri. Vipengele vya hivyo vinavyompa haki klabu peke yake vinaweza kupingwa kwenye vyombo vya usuluhishi, inategemea kilivyoandikwa na mchezaji anapata nini, kwahiyo usikitegemee kama nguzo, ila kama kipo na tarehe haijapita basi hesabu yote niliyopiga hapo juu inabadilika na ofa ya 100 ni ndogo. Kifungue leo kabla ya kikao, kikiwepo nitumie maneno yake kama yalivyo, ukificha majina, nikuangalizie.